SOMO: MLIMA WA SIKU MOJA



Vijana wa mtaa wetu wameleta ombi. Mwaka huu wangependa kusafiri mpaka Hanang, wapande mlima ule na kushuka siku hiyo hiyo. Wameomba safari iwe juma la kwanza la Desemba, shule zikiisha kufungwa. Wazazi wengine wamekubali, wengine wamekataa, na mzee mmoja ameuliza watu wanapanda mlima kufuata nini ikiwa hawaendi kutafuta kuni wala ng'ombe aliyepotea. Swali la mzee tuliache. Kijana anayetaka kuitazama nchi yake kutoka juu hana haja ya kujitetea. Lakini maswali mengine ya wazazi ni ya haki, na yafaa tuyachunguze pamoja kabla nauli haijachangwa.

Mlima wenyewe

Hanang uko mkoa wa Manyara. Chini yake upande wa kusini pana mji wa Katesh, ulio kando ya barabara ya lami itokayo Singida kwenda Babati. Ni volkano ya zamani iliyozimika, nayo imesimama peke yake katikati ya tambarare, hivi kwamba msafiri huiona muda mrefu kabla hajaifikia. Kilele chake kina kimo cha meta 3,418 juu ya usawa wa bahari. Katika nchi yetu ni milima michache tu inayoupita, Kilimanjaro na Meru ikiwa ya kwanza.

Kwetu Buha tuna vilima vingi, wala hakuna mtoto wa Kumsenga asiyejua kupanda. Hapo ndipo hatari inapoanzia, maana kijana husema moyoni, "Mimi nimezaliwa vilimani, mlima utanifanya nini?" Basi tupime. Kibondo mjini ni kama meta 1,500 juu ya bahari. Katesh ni kama meta 1,700. Kutoka Katesh hadi kileleni, kwa hiyo, mtu hupanda kiasi cha meta 1,700 wima, mbali na urefu wa njia yenyewe. Kilima cha meta 100 kutoka mtoni hadi nyumbani, ukikipanda mara kumi na saba bila kushuka, hapo ndipo utakuwa umeupanda Hanang. Kisha bado kushuka.

Kenya uko mlima uitwao Longonot, meta 2,776, ambao wanafunzi wengi wa Nairobi huupanda kwa siku moja na kuuzunguka ukingo wa kreta yake. Vijana wengine wamesikia habari zake au wameona picha zake katika simu, wakadhani milima yote ya siku moja ni ya namna hiyo. Hanang wapandwa kwa siku moja, ndiyo, kwa njia ya Katesh ambayo wengine huiita njia ya Jorodom. Lakini ni siku ndefu sana, ya saa kumi na zaidi, na aghalabu wenye nguvu ndio wanaorudi mchana.

Hesabu ya saa

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu, nami naomba lisomwe polepole. Mlima wa siku moja haushindwi kwa nguvu za miguu. Hushindwa kwa saa. Kila anayepanda hufikiri kilele ndicho mwisho wa safari, kumbe kilele ni nusu ya safari, na nusu iliyobaki hutembewa na mtu aliyechoka.

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapandaji wanaitumia hata leo. Hesabu saa moja kwa kila kilometa 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila meta 600 za kupanda. Kwa Hanang, kupanda peke yake ni karibu saa tatu, na hapo hatujahesabu kilometa hata moja. Tena kanuni hiyo ni ya mtu mwenye afya aliyezoea, asiyesimama kupumzika, wala hana wenzake ishirini wa kuwangoja. Kwa kundi la vijana, tuseme saa sita kupanda na saa nne kushuka. Hiyo ni saa kumi. Ongeza nusu saa ya kula kileleni.

Sasa tazama jua. Huku kwetu magharibi jua huchwa karibu saa moja ya jioni, nasi tumezoea hivyo. Hanang iko mashariki yetu, na kwa sababu hiyo jua huchwa huko mapema kwa kiasi cha dakika ishirini. Ni kidogo, lakini mtu anayekadiria jioni kwa mazoea ya nyumbani atashangaa. Na katika msitu giza huingia kabla ya hapo.

Kundi likiondoka saa 12 asubuhi, litafika kileleni saa 6 mchana, litakula, na litakuwa chini karibu saa 11. Limebakiwa na saa moja na nusu za mwanga. Hiyo ndiyo akiba yote. Kijana akivunjika ukucha, akiteguka kifundo, au mvua ikinyesha njia ikawa utelezi, akiba hiyo italiwa yote. Kundi likiondoka saa 2 kwa sababu chai ilichelewa, halina akiba hata dakika moja.

Kwa hiyo yatupasa kuweka saa ya kugeuka. Mimi napendekeza saa 7 mchana. Popote kundi litakapokuwa saa 7, hapo litageuka, hata kama kilele kiko mbele ya macho. Saa hiyo iwekwe jioni ya jana yake, watu wakiwa wameketi na wameshiba, iandikwe, na kila mmoja aisikie. Isiamuliwe mlimani. Mtu aliyeko karibu na kilele huwa si mwamuzi mwema. Ametoa nauli, ameamka usiku, amepanda saa sita, na kila kitu ndani yake husema, "Kidogo tu, tumefika."

Na Hanang una hila yake. Upande wa juu njia hufuata mgongo wa mlima, na mbele yako huonekana kilele. Ukikifikia, waona si chenyewe, kiko kingine nyuma yake, na mgongo waendelea kupanda na kushuka. Wengi wamekata tamaa hapo. Wengine wamefanya vibaya zaidi, yaani wameendelea bila kutazama saa kwa sababu kila mara walidhani ni hicho cha mbele. Ninyi mmeambiwa mapema, basi msidanganyike. Mwulizeni mwongozaji wa njia, wala msiyaulize macho yenu.

Hewa, baridi na maji

Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito. Katika kimo cha meta 3,400, mtu akivuta pumzi hupata kama theluthi mbili tu za hewa anayoipata mtu wa Dar es Salaam katika pumzi moja. Kuanzia meta 2,500 hivi baadhi ya watu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na chakula huwakataa. Haihusiani na ushujaa. Mwanariadha huweza kuugua, na mama mnene wa makamo akapita salama. Dawa yake ni kushuka. Vidonge vya kichwa hupunguza maumivu lakini haviondoi sababu, na mgonjwa akijiona nafuu ataendelea kupanda, hapo ndipo atakapozidiwa. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, anajibu maneno yasiyopatana na swali, au anahema ijapokuwa ameketi, usimngoje apate nguvu. Watu wawili wamshike washuke naye mara moja.

Hapa niseme na wazazi. Wako watoto wasiopasa kwenda, nao ni juu yenu kusema, kwa maana kijana mwenyewe ataficha ili asiachwe. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo, na mwenye kifafa wasiende bila daktari kuwapima na kukubali. Na mwenye ugonjwa wa seli mundu asipande kabisa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na familia nyingi huuita kwa majina mengine au husema tu kwamba mtoto ana "maumivu ya mifupa". Mambo matatu huziamsha chembe zake za damu zikajikunja na kuziba mishipa: upungufu wa hewa, baridi, na upungufu wa maji mwilini. Mlimani yote matatu hukutana kwa siku moja.

Juu ya baridi, hesabu ni nyepesi. Joto hupungua kama digrii 6 kwa kila meta 1,000 za kupanda. Siku ambayo Kibondo ni digrii 26 mchana, kilele cha Hanang kitakuwa kama 14, tena kuna upepo, tena fulana imelowa jasho. Alfajiri ni baridi kuliko hapo sana. Kila mmoja abebe sweta, kofia ya kufunika masikio, koti la mvua, na fulana moja kavu ambayo haitavaliwa mpaka kileleni, ikiwa imefungwa katika mfuko usiopenya maji. Sweta za mitumba sokoni zatosha kabisa. Viatu viwe vilivyokwisha kuvaliwa mwezi mzima, vyenye kushika ardhi. Asije mtu na viatu vipya alivyonunuliwa kwa ajili ya safari, atarudi na malengelenge ya kusimulia. Malapa yaachwe nyumba ya kulala wageni.

Njiani msitegemee kupata maji ya kunywa. Lita nne kwa kila mtu, naye ayabebe mwenyewe. Hizo ni kilo nne, na vijana wa kiume huwa wa kwanza kusema lita mbili zawatosha, kisha saa 8 mchana wakaomba kwa dada zao. Hata hivyo si lazima kuyapandisha yote. Chupa moja yaweza kufichwa ukingoni mwa msitu, mahali palipowekwa alama, ikawangoja wakati wa kushuka. Chupa tupu zirudi nazo zote. Chakula kiwe kile ambacho tumbo lakijua, kama viazi vya kuchemsha, mayai, karanga na ndizi mbivu.

Wakati wa kushuka, magoti hutetemeka na watu huteleza. Hapo fimbo ni rafiki mkubwa. Mimi naipenda fimbo ya kawaida ya mti kuliko zile za chuma za kukunja, kwa sababu haijibonyezi ghafla ukiiegemea.

Nani atasema "turudi"?

Kundi liwe na kiongozi mmoja. Wasiwe watatu wanaoshauriana. Kiongozi huyo atembee nyuma, na mwongozaji wa Katesh atembee mbele. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule aliye wa mwisho. Desturi iliyozoeleka ni kwamba wenye nguvu hukimbia mbele, hukaa kumngoja aliyechoka, na anapowafikia tu wao husimama na kuendelea. Hivyo waliopumzika ni wale wasiohitaji, na aliyehitaji hakupumzika hata kidogo. Anayefika wa mwisho ndiye apewe nafasi ya kukaa, na wenzake wamngoje mpaka pumzi imrudie.

Kundi lisigawanyike. Mmoja akishindwa asiachwe kando ya njia na maneno ya "tutakukuta hapa." Ukungu ukishuka hamtamkuta. Ama arudishwe na watu wawili wanaoijua njia, ama wote wageuke. Kwa ajili hiyo ni vema kuwa na waongozaji wawili, ijapokuwa gharama itaongezeka.

Mazoezi yaanze hapa hapa. Jumamosi tatu kabla ya safari, kundi lote lipande na kushuka vilima vyetu saa nne mfululizo, kila mtu na lita zake nne mgongoni, na saa iandikwe. Huko mtagundua nani anaficha ugonjwa na nani ana majivuno. Nadhani wengi watashangaa kuona mabinti wanaopandisha ndoo kutoka bondeni kila siku wakiwapita wachezaji wa mpira.

Kwa nini si Desemba

Siku ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, ambayo katika kalenda yetu ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, mvua kubwa ilinyesha Hanang. Alfajiri sehemu ya mlima iliyolowa maji ikameguka. Tope, mawe makubwa na miti iling'olewa na kushuka kwa mkondo mpaka Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwa kimojawapo. Watu wengi walikuwa bado wamelala. Zaidi ya 80 walikufa, na nyumba nyingi zilizolewa. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa hali ya hewa, akakatiza safari akarudi. Uvumi ulienea kwamba volkano imeamka, lakini wataalamu wa serikali walieleza kwamba haikuwa hivyo. Lilikuwa tabaka la mwamba dhaifu lililonyonya maji likashindwa kujizuia.

Tena tukumbuke jambo la Kenya. Karibu na ule mlima wa Longonot liko korongo la Hell's Gate, mahali pazuri ambapo makundi ya kanisa hupenda kutembelea. Aprili 2012 vijana saba wa kanisa moja la Nairobi walikufa humo kwa mafuriko ya ghafla. Septemba 2019 watu wengine saba walikufa katika korongo hilo hilo kwa namna ile ile. Hawakuwa watu wazembe kuliko sisi. Walikuwa vijana kama wetu, na viongozi kama wetu, katika siku ya furaha. Maji ya milimani hayamwambii mtu kwamba yanakuja. Yaweza kuwa mvua imenyesha mbali, na pale ulipo jua linawaka.

Ombi la juma la kwanza la Desemba, kwa hiyo, mimi nalipinga waziwazi. Najua shule zimefungwa na nafasi ya mabasi ipo. Lakini mvua za Hanang huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na Desemba iko katikati yake. Likizo ya Juni ndiyo ya kufaa. Ardhi imekauka, njia haitelezi, na mawingu ni machache, ijapokuwa baridi itakuwa kali zaidi na sweta ziwe mbili. Hata Juni, mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari, mwongozaji akisema leo hapana, jibu liwe ndiyo mzee, na siku hiyo watu wakatembelee soko la Katesh.

Kuna la nyongeza juu ya ratiba. Kutoka Kibondo kwa njia ya Nyakanazi, Kahama, Nzega na Singida ni safari ya siku nzima na pengine zaidi. Vijana wasishuke kwenye basi usiku na kupanda alfajiri. Walale Katesh usiku mbili kabla ya mlima. Kibali hupatikana kwa Wakala wa Huduma za Misitu, maana mlima ni hifadhi, nao pia ndio watakaowaelekeza kwa waongozaji.

Wenyeji wa nchi ile

Mlima ule una watu wake. Kuna Wairaqw, na kuna Wabarbaig ambao ni tawi la Wadatoga. Huku kwetu na Usukumani watu husikika wakiwaita Wamang'ati. Neno hilo limetoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Asije kijana wetu akamwamkia mzee wa watu kwa jina la adui. Wabarbaig huwazika wazee wao wenye heshima katika vichuguu vya udongo vinavyojengwa kwa sherehe za miezi mingi, navyo huitwa bung'eda. Ukiona kichuguu cha namna hiyo usikipande kupigia picha.

Ukiwa juu, upande mmoja utaona ziwa Balangida chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na upande mwingine tambarare za Basotu. Tambarare hizo zina historia nzito. Katika miaka ya 1970 na 1980 Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano, karibu ekari 100,000, katika malisho ya Wabarbaig. Nchi ilipata mkate, wenyeji walipoteza majani bora ya ng'ombe wao, na makaburi kadhaa yalilimwa kwa trekta. Wazee walikwenda mahakamani. Vijana wakiutazama uwanda ule mzuri wajue wanatazama nini.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Saa ya kugeuka imewekwa saa 7 mchana. Ni saa 7 kasorobo, kilele kinaonekana, na mwongozaji asema bado saa moja. Kiongozi aseme nini, na nani atalalamika?

2. Mama anajua mtoto wake ana seli mundu, lakini mtoto amemsihi asiseme. Mzazi huyo asaidiweje ili aseme bila mtoto kuaibika mbele ya wenzake?

3. Kikundi chenu kina watu wangapi? Pigeni hesabu ya maji, ya sweta zilizopo na zinazokosekana, na ya waongozaji wawili. Andikeni jumla yake kwa shilingi.

4. Mwenzenu mmoja amechoka katika nusu ya njia na anasema mwendelee bila yeye. Taja majina ya wawili watakaorudi naye. Wameulizwa?

5. Vijana wanaotaka Desemba wana sababu zao. Zielezeni kwa haki, kisha mzijibu.

Majibu ya swali la 3 na la 4 yaletwe kwa katibu wa vijana yakiwa yameandikwa, kabla ya kikao cha kupanga tarehe.